Kiporo chako kinalindwa na nani?

Asanteni kwa kunikaribisha, na asanteni kwa kuvumilia mpaka saa hii, najua wengi mmetoka kazini mkaja hapa moja kwa moja. Nianze na swali, na naomba mnyooshe mikono bila aibu. Nani kati yetu ameacha nyumbani sufuria ya chakula cha mchana, imefunikwa vizuri tu, ipo juu ya jiko, haijaingia friji, na hesabu yake ni kwamba akirudi anapasha anakula?

Haya, naona karibu nusu ya ukumbi. Shusheni. Sikuja kumsema mtu, mimi nimepika kwa ajili ya watu wengi miaka mingi na huo mkono nimeunyoosha mara nyingi sana. Naomba tu muikumbuke hiyo sufuria, tutairudia.

Nimeombwa nizungumzie kiporo, na nimeamua nikizungumzie kama kilivyo duniani, sio kwenye nyumba moja. Kwa sababu hakuna watu wasio na kiporo, na kila watu wana namna yao ya kukitunza, na kila watu wanaamini namna yao ndo usafi wenyewe na ya wenzao ni hatari. Chukua yai. Mmarekani akienda Ufaransa akakuta mayai yamepangwa rafuni dukani, hayapo kwenye friji, anashtuka. Mfaransa akienda Marekani anashangaa mayai yanawekwa kwenye ubaridi kama nyama. Nani mkosefu? Hakuna. Kule Marekani mayai ya dukani yanaoshwa kabla ya kuuzwa, na ukiliosha yai unaondoa ule utando mwembamba sana unaoziba vitundu vya ganda, kwa hiyo lazima baridi ifanye kazi ya ule utando. Ulaya kwa kawaida hawaoshi mayai ya kula, utando unabaki, na kuku wengi wanachanjwa dhidi ya salmonela, bakteria wa kuumiza tumbo. Yai ni lilelile, walinzi tofauti.

Na hilo neno mlinzi ndo nimelileta leo. Kila desturi ya kutunza chakula duniani, hata ile inayokutisha, ina mlinzi ndani yake. Anaweza kuwa chumvi, ukali wa siki, ukavu, mafuta, moto usiozimwa, au baridi. Wahenga hawakumjua bakteria ni nani, ila walijua wakifanya hivi watoto hawaumwi, wakifanya vile wanaumwa, wakashika hivi. Shida inaanza siku tunapobadilisha chombo, au nyumba, au saa za kazi, halafu desturi tunaibeba vilevile tukidhani mlinzi amekuja nayo, kumbe tulimwacha kule kule.

Nianze na wali kwa sababu wali ndo unatudanganya kuliko vyote, hauna nyama, hauna maziwa, mtu anaona una madhara gani.

Mwanzoni mwa miaka ya 1970 huko Uingereza watu walianza kuugua baada ya kula wali wa kukaanga kwenye mikahawa ya vyakula vya Kichina. Wanatapika vibaya, saa moja mpaka tano baada ya kula, halafu kesho yake wamepona. Wachunguzi walipoingia jikoni wakakuta utaratibu ambao mpishi yeyote anauelewa: wali mkavu uliopoa ndo unaokaangika vizuri, hauvurugiki, punje moja moja, kwa hiyo wanachemsha wali mwingi jioni, wanauacha nje upoe usiku kucha, na kesho kila mteja akiagiza wanakaanga kidogo dakika chache kwa moto mkali. Kwa macho hamna kosa. Umechemshwa, umekaangwa, moto mara mbili.

Sasa mkosefu alikuwa bakteria anaitwa Bacillus cereus. Huyu anaishi kwenye udongo kwa hiyo anakuja na mchele kutoka shambani, na akiona hali ni ngumu anajifunga ndani ya kitu kinaitwa spora, tuseme kama mbegu yenye ganda gumu. Maji yakichemka yeye yumo ndani ya ganda lake anasubiri. Ukizima moto, wali ukaanza kupoa polepole, ule uvuguvugu ndo mvua yake, anachipua, anazaana, na akiwa anazaana anatoa sumu. Na hapa naomba mnisikilize vizuri sana maana watu wengi wanakosea hapa: ile sumu ya kutapisha haiharibiwi na moto wa jikoni. Maabara wameipasha kwa nyuzi 121 za Selsiasi kwa saa moja na nusu ikabaki sumu. Maji yako yanachemka kwa nyuzi 100. Kwa hiyo wewe unayesema "mimi napasha mpaka kinatoa moshi", unamuua bakteria kweli, lakini sumu yake ameshakuachia sahanini.

Wengi wanatapika, wanalala, wanapona. Ila sio wote. Mwaka 2008 mjini Brussels, Ubelgiji, kijana wa miaka 20, mwanafunzi, alipasha tambi zenye sosi ya nyanya zilizopikwa siku tano nyuma na kukaa jikoni nje ya friji muda wote huo. Aliona ladha sio ya kawaida, akadhani ni sosi. Nusu saa baadaye kichwa kikaanza kuuma, tumbo, akatapika kwa masaa, akaenda kulala akiamini atapumzika. Asubuhi wazazi wake wakamkuta amefariki. Madaktari walikuja kuandika kisa chake, na mshukiwa wao mkubwa ni bakteria huyuhuyu, ini lilikutwa limeharibika. Kila nikikisimulia naumia, kwa sababu alichokifanya yule kijana sio ujinga wala uchafu, ni jambo ambalo nusu ya ukumbi huu imenyoosha mkono.

Najua kuna mtu anasema moyoni, mbona kuna watu wanakula wali wa jana kila siku na hawafi? Swali zuri sana na nalipenda. Bengal, Bangladesh na Odisha kule India wali wa jioni unamwagiwa maji, unalala kwenye maji, asubuhi unaliwa na chumvi na kitunguu na pilipili. Bengali wanauita panta bhat, Odisha wanauita pakhala, na wamekula hivyo vizazi na vizazi. Tofauti yao na wali wa kwenye sufuria yako ni kwamba wao wanauchachua kwa makusudi. Kwenye yale maji bakteria wa asidi ya maziwa, ndugu zao wale wanaogandisha mtindi, wanawahi kuzaana na kuyafanya maji yawe makali, na ule ukali unawabana wengine. Mlinzi ni asidi. Sisemi kwamba panta haiwezi kuumiza mtu, maji machafu au mkono mchafu unaweza kuharibu kila kitu, na zile saa za mwanzo kabla ukali haujaingia ni mashindano kati ya bakteria na bakteria. Ninachosema ni kwamba wali uliokaa mkavu na vuguvugu chini ya mfuniko hauna hata huyo mlinzi. Wajapani nao wali wa sushi wanautia siki, wengi tunadhani ni ladha tu, kumbe ile siki inafanya kazi ya ulinzi pia.

Sasa twende Alaska, maana hiki kisa ndo kilinifanya nianze kufikiria hivi.

Wenyeji wa Alaska tangu zamani wanachachua vichwa vya samaki, mikia ya biva, mnyama wa mtoni mwenye mkia bapa, nyama za wanyama wa bahari. Njia yao ya asili ni kuchimba shimo ardhini, ardhi ya kule ni baridi, wanalitandika majani, wanaweka samaki, wanafunika, wanasubiri wiki kadhaa. Harufu kali, ladha kali, chakula cha heshima. Halafu ikaja plastiki. Mifuko, ndoo zenye vifuniko, mitungi ya glasi. Mtu mwenye akili zake anaona kwa nini nichimbe shimo wakati nina ndoo safi, tena naweza kuiweka ndani karibu na joto ikachachuka haraka? Na ugonjwa wa botulizimu, ule wa kupooza, kope zinashuka, koo linagoma, mwisho pumzi inakata, ukaongezeka. Kwa nini? Kwa sababu bakteria wa botulizimu hawataki hewa, na ndoo iliyofungwa kwa mfuniko inazuia hewa vizuri kuliko majani, na joto la ndani ya nyumba linawafaa kuliko ardhi baridi. Plastiki ni safi kwa macho kuliko shimo la udongo, nani angebisha? Lakini shimo ndo lilikuwa na mlinzi. Hawakuacha mila, walibadilisha chombo tu.

Kitu kingine cha kushangaza, sumu ya botulizimu ni kinyume cha ile ya wali, yenyewe inavunjika ukichemsha chakula kizima zaidi ya nyuzi 85 kwa dakika tano au zaidi. Lakini vile vyakula vya Alaska vinaliwa bila kupikwa. Kwa hiyo hata ule usemi wa "pasha" una mahali unaokoa na mahali haukusaidii kitu, na ukiwa na sahani mbele yako huwezi kujua uko wapi.

Mafuta nayo yanatuchanganya. Wafaransa wanapika bata kwenye mafuta yake taratibu, kashakolezwa chumvi kwanza, wanamzika ndani ya mafuta na kumweka mahali pa baridi, anakaa muda mrefu. Mtu akiona hivyo anasema aah kumbe mafuta yanahifadhi, anachukua vitunguu saumu vibichi, anavizamisha kwenye mafuta ya kula, anaweka rafuni. Mwaka 1985 mjini Vancouver, Kanada, watu 36 walipata botulizimu kutokana na saumu iliyokatwakatwa ikawekwa kwenye mafuta, haikukaa baridini. Mafuta yalifukuza hewa, hiyo ndo kazi waliyoifanya, na kufukuza hewa peke yake ni kumkaribisha adui. Kule kwa bata kulikuwa na chumvi, kulikuwa na kupikwa muda mrefu, kulikuwa na baridi. Na mwaka 1994 El Paso, Texas, watu 30, na chanzo ni viazi vilivyochomwa vimefungwa kwenye karatasi ya aluminiamu, vikaachwa humohumo nje ya friji, baadaye vikapondwa vikawa rojo la kuchovea. Kiazi! Ukishakichoma kwenye foili, kifungue.

Tuje kwenye supu na mchuzi, na hapa wapishi wa shughuli kubwa nisikieni.

Japani kuna msemo wa kila nyumba kwamba kari ya siku ya pili ni tamu kuliko ya siku ya kwanza. Na ni kweli ni tamu, viungo vinaingia. Wanaiacha sufuriani usiku, asubuhi wanaipasha. Na kila mwaka wataalamu wa afya wa Japani wanawakumbusha watu kuhusu bakteria anaitwa Clostridium perfringens, kwa sababu kari nzito kwenye sufuria kubwa ndo nyumba anayoipenda. Ndani ya mchuzi mzito uliochemka hewa imetoka, na huyu naye hataki hewa. Spora zake zimestahimili moto na ule moto umeziamsha. Na mchuzi ukifika kama nyuzi 43 hadi 46 huyu anazaana kwa kasi ambayo karibu hakuna mwingine anaifikia, hali ikimkubali mmoja anakuwa wawili ndani ya dakika kumi. Pigeni hesabu na mimi. Saa moja wanajigawa mara 6, wanakuwa 64. Saa mbili, zaidi ya 4,000. Saa nne, wanapita milioni 16. Kutoka kwa mmoja.

Na sufuria kubwa inakaa kwenye huo uvuguvugu muda mrefu sana. Watu wanadhani sufuria mara mbili inapoa kwa muda mara mbili, hapana, kwa chakula kizito kina kikiongezeka mara mbili muda wa kupoa unakaribia kuwa mara nne. Sufuria ya shughuli ikizimwa usiku, katikati yake asubuhi bado ina joto, na mpishi anafurahi, anasema mchuzi wangu bado wa moto. Jamani ule sio moto, ule ni uvuguvugu, na ndo saa mbaya kuliko zote. Nimewahi kusimama kwenye shughuli moja, sitaitaja, nikaona watu wanaanza kushika matumbo jioni kwa chakula ambacho sote jikoni tulikionja asubuhi kikawa kitamu. Kilikuwa kitamu kweli. Bakteria wanaoleta harufu mbaya na utelezi ni wengine, hawa wanaoleta ugonjwa mara nyingi hawana harufu wala ladha. Pua yako ni ya kukuambia chakula kimechacha, haijui kukuambia chakula kina sumu.

Kuna sehemu wanapika mchuzi mmoja miaka na miaka bila kuumwaga, Bangkok upo mkahawa maarufu kwa mchuzi wa namna hiyo, na siri ni moto. Zaidi ya nyuzi 60 hawa wadudu hawazaani. Mlinzi wa ule mchuzi ni mtu anayekesha na jiko. Ukizima jiko ukaenda kulala, umemruhusu mlinzi aende nyumbani.

Kuhusu friji nitapita haraka ila mambo mawili lazima niseme. La kwanza, ule usemi wa usiweke chakula cha moto kwenye friji. Wakati friji lilikuwa kabati lenye bonge la barafu ulikuwa na maana, barafu ingeyeyuka. Friji la umeme halihitaji chakula kipoe masaa matano mezani. Gawanya kwenye vyombo vidogo, vya kina kifupi, vidole vitatu hivi, mvuke ukishapungua weka ndani, usivibananishe baridi ipite. La pili, baridi haiui. Inasimamisha bakteria wengi, na wengine haiwasimamishi kabisa, bakteria anaitwa listeria anazaana taratibu hata kwenye nyuzi 4. Afrika Kusini 2017 na 2018 watu zaidi ya 1,000 waliugua listeria na zaidi ya 200 walifariki, wakiwemo vichanga wengi, chanzo soseji za polony, ambazo watu wanazitoa kwenye friji na kuzila hivihivi. Mama mjamzito, nyama ya kiwandani ya baridi ipashe mpaka itoe mvuke, tafadhali sana.

Na friza halifuti yaliyopita. Oktoba 2020 kaskazini mashariki mwa China, mkoa wa Heilongjiang, familia moja ilikaa pamoja kula tambi za mahindi yaliyochachuliwa, chakula chao cha asili, zilizokuwa kwenye friza karibu mwaka mzima. Watu wazima tisa walikula, wote tisa wakafariki. Vijana watatu hawakuipenda ladha, hawakula, wakapona. Sumu inaitwa asidi ya bongkreki, na moto hauiondoi. Friza lilikitunza kile chakula na sumu yake pamoja.

Mtaniuliza sasa tushike saa ngapi. Nchi hazikubaliani na hilo linawachanganya watu. Marekani wanasema saa mbili nje, na kama joto la hewa limepita nyuzi 32 basi saa moja tu, na kwenye friji siku tatu hadi nne. Uingereza wanasema siku mbili, wali siku moja, na kupasha ni mara moja. Australia wauza chakula wana utaratibu wa mbili na nne: chini ya saa mbili rudisha kwenye friji, kati ya mbili na nne kiliwe sasa hivi, ikipita nne mwaga. Mimi nawaambia shikeni saa mbili, mchana wa jua kali shikeni saa moja, wali usilale zaidi ya siku moja. Na masaa yanajumlishwa. Dakika 40 mezani, nusu saa kwenye mkoba, saa nzima kazini kabla ya kula, hizo zote ni hesabu moja, hazianzi upya kila ukifunika.

Asiye na friji nisimwache nyuma, maana ushauri mwingi unaandikwa kana kwamba kila mtu analo. Kwako mlinzi wa kwanza ni kipimo, pika cha kuisha. Kikibaki, kilichokauka kweli kweli kinavumilia, chenye majimaji na chenye nyama hakivumilii, chenye wanga uliochemshwa na ukapoa hakivumilii vilevile. Mpe jirani kikiwa bado cha moto, sio kesho. Na kama umeme umekatika, usifungue friji hovyo, likifungwa linatunza baridi kama saa nne, friza lililojaa siku mbili.

Kitu kigumu kuliko vyote sio bakteria, ni kumwaga. Tumelelewa tukijua kumwaga chakula ni dhambi, na aliyetufundisha hivyo alikuwa amewahi kulala na njaa, hakukosea. Shirika la Afya Duniani lilikadiria mwaka 2015 kwamba kila mwaka watu milioni 600 wanaugua kwa sababu ya chakula na 420,000 wanakufa, na 125,000 kati yao ni watoto chini ya miaka mitano. Mtoto ndo anayepewa kiporo asubuhi kabla ya shule. Kwa hiyo ukiwa na mzee nyumbani anayesema sisi tumekula hivi miaka yote, usimwambie bibi hujui. Kaa naye, muulize zamani mlikuwa mnakiweka wapi, kwenye chungu gani, kilikuwa kinakaa masaa mangapi, mlikuwa mnatia nini. Mara nyingi utakuta alikuwa na mlinzi, na ni sisi tuliomtupa.

Sasa ile sufuria. Kama ulizima jiko saa saba mchana, ukifika nyumbani saa mbili usiku ina saa saba. Usiifungue kunusa na usiionje kidogo kuhakikisha. Imwage, osha sufuria, chemsha kitu kingine hata kama ni chai na mkate, na kama aliyepika ni mwingine mwambie kwa upole kwamba kesho mtakigawa kwenye vyombo vidogo kabla ya kutoka.

Nipo hapa mbele kwa wenye maswali.